Makofi Yasiyopigwa

Karatasi wanayopewa watazamaji wa mashindano ya gofu ya Masters, huko Augusta katika jimbo la Georgia, ina makatazo mengi ambayo bawabu yeyote anaweza kuyasimamia. Simu ni marufuku. Kukimbia ni marufuku. Kamera inaruhusiwa siku za mazoezi tu. Ikifika Alhamisi, mashindano yenyewe yanapoanza, iache nyumbani. Kiti kisiwe na mikono. Mchezaji aliye uwanjani asiombwe saini. Yote haya yana jicho la kuyaona na mkono wa kuyazuia. Lakini humo humo mna maneno ya Bobby Jones, aliyeianzisha klabu hiyo pamoja na Clifford Roberts, maneno aliyoyaandika mwaka 1967, nayo yanadai jambo la namna nyingine kabisa. Jones anataka mtazamaji alipigie makofi pigo zuri, tena kwa kadiri ya ugumu wake. Kisha anasema hakuna kinachowaumiza wapenzi wa mchezo huu kama kusikia watu wakishangilia kosa la mchezaji au bahati yake mbaya.

Tangu niyasome maneno hayo sijapata kuyaweka kando. Bawabu akinipekua ataikuta simu mfukoni. Ni nani atakayeikuta furaha moyoni mwangu mtu akitumbukiza mpira wake majini?

Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, na adabu nilizozijua kwanza ni za chuoni, mbele ya mwalimu aliyetufundisha Kurani na namna ya kukaa mbele ya Kurani, na hakuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Maisha yamenileta kufanya kazi Augusta, mji ambao kwa wiki moja ya Aprili hugeuka kabisa. Shule hufungwa. Watu huzikodisha nyumba zao kwa wageni na kwenda kukaa kwa jamaa. Hospitalini tunapanga zamu mapema, kwa kuwa kila mtu anataka ruhusa. Nimeishi miaka mingi nikiusikia uwanja huo kama jambo la watu wengine, mpaka mwenzangu mmoja wa kazini, mama mtu mzima, Mbaptisti wa kanisani kila Jumapili, aliponialika. Familia yake ina beji za kuingilia tangu zamani. Beji hizo si jambo dogo: orodha ya kuzingojea ilifunguliwa mwaka 1972 na kufikia 1978 ilikuwa imeshafungwa kwa wingi wa majina, na mwenye beji akifa mtoto wake harithi. Kwa hiyo nilikwenda naye siku ya mwisho, Jumapili ya tarehe 10 Aprili 2022. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga.

Nalitaja la saumu kwa sababu limekuwa ndani ya fikra hizi tangu mwanzo. Kila mahali watu walikuwa na mikate yao iliyofungwa kwa karatasi ya kijani, ile ya jibini yenye pilipili tamu na ile ya mayai, inayouzwa dola moja na nusu tu katika nchi ambayo uwanja mwingine wowote ungekutoza mara nyingi zaidi. Mwenzangu aliona haya kula mbele yangu, akawa anageuka. Nilimwambia: kula, dada, saumu yangu haikai mkononi mwako. Hakuna ibada iliyofichika kama saumu. Mtu anaweza kujifungia chumbani akanywa maji na kutoka nje na midomo mikavu, na dunia nzima ikamwita mfungaji. Na lile ombi la Jones limefichika vivyo hivyo. Ndiyo maana nikaliona la maana kuliko makatazo mengine yote yaliyomo katika karatasi ile.

Kwanza niseme nilichokiona, kwa kuwa mtu asiyefika pale hudhani ni ukali mtupu wa matajiri. Malango yanapofunguliwa asubuhi, wazee wa miaka sabini hutembea kwa hatua ndefu, magoti yakiwa magumu, kila mmoja akitaka kuwahi mahali pazuri na hakuna anayethubutu kukimbia. Anayechelewa hamsukumi aliyetangulia. Simu zikiwa nje, watu huzungumza. Nilikuwa nimesahau kwamba watu elfu kadhaa wanaweza kusimama pamoja na wote wakawa wanatazama kitu kimoja kwa macho yao wenyewe. Anayetaka kumpigia mtu wa nyumbani atazikuta simu za mezani ambazo klabu imeziweka bila malipo, na ukizungumza huku foleni inangoja nyuma yako, unasema lililo muhimu tu.

Halafu viti. Mwenye kiti hukifungua asubuhi kandokando ya shimo analolipenda, jina lake likiwa nyuma ya kiti, kisha huondoka. Anaweza kwenda kwa muda wa saa tatu au nne, kuzunguka uwanja mzima, na akirudi atakikuta palepale. Hakuna anayekisogeza. Lakini katika muda huo ambao hayupo, mgeni yeyote anaruhusiwa kukikalia, na mwenyewe akirudi, mgeni huinuka na kushukuru. Nilikaa kwenye kiti cha mtu nisiyemjua karibu na shimo la 12, na alipokuja aliniomba radhi kwa kuniinua! Sisi tuliosoma fikihi tunajua mas'ala marefu ya amana na azima: kipi ni haki ya mwenye mali, kipi ni haki ya anayekitumia kwa idhini, na idhini hiyo inaisha lini. Pale nimeyaona yakitendwa na watu wasiokijua kitabu hata kimoja cha fikihi, bila mkataba, bila shahidi, kwa kiti cha kukunja. Mali ya mtu imelindwa, na wakati huohuo haijageuzwa ukuta wa kumzuia mchovu asipumzike. Nimekaa kwenye mikutano ya maulamaa na wanasiasa iliyoshindwa kupata mapatano hayo katika mambo makubwa zaidi, na labda ndiyo sababu jambo la viti lilinigusa kiasi kile.

Hakuna skrini kubwa uwanjani. Ubao wa matokeo unaendeshwa kwa mkono. Watu hukaa nyuma yake wakitoa namba moja na kutia nyingine. Kwa hiyo habari husafiri kwa sauti za watu. Uwanja unashuka kutoka jengo la klabu lililo juu hadi kijito cha Rae's Creek kilicho chini, na misonobari mirefu imeziba macho kila upande, ila masikio yako wazi. Ngurumo ikitoka mahali fulani, wenyeji wanaifasiri: hiyo ni ya shimo la 15, hiyo ni ya mtu anayependwa, hiyo ni ya pigo la bahati. Jioni ile Rory McIlroy alipoutumbukiza mpira kutoka mchangani katika shimo la 18, sauti ilitushukia kutoka kilimani, na haijapoa ikaja nyingine, kwani Collin Morikawa naye alikuwa ametoka kwenye mchanga uleule akafanya vilevile. Sisi hatukuona kitu. Tulitazama ubao tukingoja mkono wa mtu utuambie.

Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, mashindano yalisogezwa hadi Novemba yakachezwa bila mtazamaji hata mmoja. Dustin Johnson alishinda kwa mapigo 268, na hakuna aliyewahi kumaliza kwa mapigo machache kuliko hayo pale. Niliyatazama kwenye televisheni baada ya zamu ya usiku. Kimya kilikuwepo kingi, kuliko mwaka wowote, lakini hakikuwa na maana, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekinyamazia. Mtu akipiga vizuri, ndege wanaendelea tu. Hapo nilielewa kwamba kimya cha watazamaji ni kitu wanachokitoa, kama sadaka inavyotolewa, na kwamba mchezaji huhisi tofauti kati ya mahali pasipo na watu na mahali ambapo watu elfu tano wamezuia pumzi kwa ajili yake.

Sasa shimo la 12. Ni fupi, yadi 155 tu, na linakaa katikati ya ile pembe iitwayo Amen Corner, jina lililotolewa na mwandishi Herbert Warren Wind mwaka 1958. Watazamaji wote hukaa nyuma ya mahali pa kuanzia kupiga. Ng'ambo ya kijito, kwenye grini, yaani ile nyasi fupi yenye shimo na bendera, hakuna mtazamaji anayeruhusiwa kufika. Mchezaji akishavuka daraja yuko peke yake na mbeba fimbo wake, nasi tunamtazama kwa mbali. Upepo pale huzunguka juu ya miti bila mpango unaoeleweka, na kijito kinangoja mbele ya grini.

Scottie Scheffler alikuwa anaongoza, na Cameron Smith wa Australia alikuwa anamfuatia, tena ametoka kufanya vizuri katika shimo la 11 na pengo limebaki mapigo matatu. Smith akapiga kwanza. Mpira ulikwenda juu, ukapungukiwa, ukaanguka kwenye maji. Kila mtu pale alijua maana yake. Nafasi yake ilikuwa imekwisha, na aliondoka kwenye shimo lile na mapigo sita mahali palipotakiwa matatu.

Sauti iliyotoka kwa watu ilikuwa mguno, wa chini, wa wote kwa pamoja, kama unaousikia wodini jamaa wanapoletewa majibu mabaya. Kisha kimya. Mbele yangu alikuwa mtu mmoja wa makamo amevaa kofia ya Chuo Kikuu cha Texas, alikosoma Scheffler, na tangu asubuhi alikuwa akimwombea Scheffler waziwazi. Kwake lile lilikuwa jambo la kheri; bingwa wake ameondolewa adui mmoja. Nilimwona akishika ukingo wa kiti chake kwa vidole vyote. Hakupiga kofi, hakutabasamu, hakumgeukia mwenziwe. Smith alipovuka daraja kwenda kumalizia, mtu yule alimpigia makofi pamoja na wengine, taratibu.

Sijui moyoni mwake mlikuwa na nini. Na hapa ndipo penye swali langu. Ikiwa alikuwa anafurahi ndani na amenyamaza nje, je, tumwite mwungwana au mnafiki?

Niliporudi kazini tulilizungumza jambo hili na mwenzangu kwa siku nyingi, wakati wa chakula cha usiku yeye akila na mimi nikingoja wakati wa daku. Yeye alinitajia kitabu cha Mithali, kinachokataza mtu kushangilia adui yake anapoanguka. Nami nikamtajia Nabii Harun, ambaye Nabii Musa alipomkamata kwa hasira, alimwomba ndugu yake asiwape maadui sababu ya kumfurahia. Nilimwambia pia kwamba Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na maadui kufurahia masaibu yake. Jambo hilo lilimshangaza, na hunishangaza mimi kila mara: kwamba furaha ya mtu mwingine, isiyokugusa mwili wala mali, imehesabiwa katika mabaya ya kuombewa kinga, pamoja na balaa lenyewe. Aliyewahi kuanguka mbele ya watu anaelewa. Maumivu ya kwanza ni ya goti, ya pili ni ya kicheko.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ametenga kitabu kizima kuzungumzia ubaya wa hasira, kinyongo na husuda, na kumfurahia mwenzio kwa msiba wake amekuweka miongoni mwa matunda ya kinyongo. Lakini Ghazali alikuwa mwalimu aliyejua watu walivyo. Anajua kwamba wazo hupita moyoni bila kubisha hodi. Kinachotakiwa kwa mtu, anavyoeleza, ni kulichukia wazo hilo kwa akili yake na kuuzuia ulimi na viungo visilifuate. Tena anatoa dawa ya vitendo: husuda ikikuamrisha kumsema mtu vibaya, ulazimishe ulimi wako umsifu. Fanya kinyume cha unavyoamrishwa, hata kama mwanzoni ni kwa taabu, mpaka taabu igeuke tabia. Na hivyo ndivyo anavyosema kuhusu ukarimu pia: bakhili na atoe kwa kujilazimisha, atoe tena, mpaka mkono uzoee.

Kwa kipimo hicho mtu wa kofia ya Texas si mnafiki hata kidogo. Mnafiki hujifanya mwema ili apate kitu. Huyu alikuwa anakikataa kitu, furaha iliyokuwa tayari mlangoni, na vidole vilivyoshika kiti vilikuwa kazini kwelikweli. Mimi naona kazi ile ni tukufu. Wapo watakaosema adabu ya kweli ni ile ambayo moyo umeshasafika na mtu hahitaji kujizuia. Ningependa kukutana na mtu huyo. Sisi wengine tunaanza na mikono, na tukiwa na bahati moyo hufuata.

Mtu wa mpira wa miguu atanipinga hapa, na ana hoja. Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards, nani atakaa kimya penalti ya mpinzani ikipaa juu ya mwamba wa goli? Kule kosa la mwenzako ni sehemu ya ulichokipigania: beki wako amembana, kipa wako amemtisha. Sioni ubaya wa kushangilia hilo. Gofu haiko hivyo. Hakuna anayemzuia mchezaji, mpira umelala chini, haukimbii, na kosa ni lake mwenyewe peke yake. Kulishangilia ni kumshangilia mtu katika upweke wake. Na hii si nadharia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jack Nicklaus kijana alipoanza kumshinda Arnold Palmer aliyependwa na wote, baadhi ya mashabiki wa Palmer walimfanyia hivyo, wakishangilia mapigo yake mabovu.

Tena aliyeyaandika maneno yale alikuwa na haki ya kuyaandika. Bobby Jones alikuwa kijana mwenye hasira; mwaka 1921, kule St Andrews, Scotland, aliokota mpira wake akaacha mashindano katikati. Miaka minne baadaye, katika mashindano makuu ya Marekani, aliuona mpira wake umesogea wakati hakuna mwingine aliyeuona, akajihesabia pigo la adhabu, akaja kukosa ubingwa. Mwaka 1930 alishinda mashindano makuu yote ya wakati wake, akastaafu akiwa na miaka 28. Kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukamkamata. Kufikia 1967 mwanariadha yule alikuwa hawezi kutembea. Alipoomba watu wasishangilie bahati mbaya ya mwenzao, alikuwa ameketi katika bahati mbaya yake.

Mwenzangu hakunikubalia upesi. Alisema: usiwasifu sana, watu pale wanaogopa. Na kweli, ukikutwa na simu unatolewa, na beji ambayo familia yako imeitunza miaka hamsini inaweza kutoweka siku hiyohiyo. Klabu hailindi vitendo tu, hulinda na maneno. Mwaka 1966 mtangazaji Jack Whitaker aliwaita watazamaji wa pale kundi la wahuni, na kwa neno hilo moja hakuonekana tena kwenye matangazo ya Masters kwa miaka kadhaa. Basi ni hofu au ni adabu?

Jibu langu ni kwamba hofu imefanya kazi yake kwenye miguu na mifukoni, na hapo inaishia. Klabu haiwezi kumfukuza mtu kwa kofi alilolipiga moja badala ya matatu, wala kwa furaha. Ilichoweza kufanya ni kutengeneza mahali ambapo simu imenyamaza, mbio zimezuiwa, na mtu amebaki na moyo wake bila kitu cha kuushughulisha. Atakachokifanya na moyo huo ni chake. Ramadhani ni hivyo hivyo. Mji mzima ukifunga, migahawa ya Mombasa ikishusha mapazia mchana, kufunga kunakuwa kwepesi zaidi, lakini hakuna pazia la mgahawa lililowahi kumfungia mtu saumu yake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo siwezi kulipita kwa heshima ya maua ya azalea ya uwanja ule.

Babu yangu mzaa mama, kabla ya uhuru, alikuwa akikata nyasi katika klabu moja ya Wazungu. Klabu nyingi za namna hiyo Kenya ya kikoloni hazikumpokea Mwafrika wala Mhindi kuwa mwanachama. Babu alitusimulia kwamba Wazungu wale walikuwa na adabu ya ajabu katika mchezo. Mmoja akitaka kupiga, wengine walisimama kama nguzo. Mmoja akikosa, mwenzake alimpa pole. Na yeye, mtu mzima mwenye watoto, aliitwa boi. Babu hakusimulia kwa uchungu. Alisimulia kama fumbo ambalo hakuwahi kulifumbua. Watu wanaomhurumia mtu kwa mpira uliokwenda kichakani, wanashindwaje kumwona mtu aliyeinama kwenye kichaka hichohicho?

Augusta ilikuwa hivyo. Ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1930, mashindano ya kwanza yakachezwa 1934, na kwa miaka arobaini hakuna mchezaji mweusi aliyecheza humo, ingawa wabeba fimbo wote walikuwa weusi, kwa amri ya klabu. Mwaka uleule wa 1967, Jones alipoandika maneno yake, Charlie Sifford, Mmarekani mweusi, alishinda mashindano ya Hartford. Hakualikwa Augusta. Akashinda tena Los Angeles 1969. Hakualikwa, wala hakuwahi kualikwa hata siku moja kucheza pale. Mwanachama mweusi wa kwanza alipatikana 1990. Wanawake wawili wa kwanza, Condoleezza Rice na Darla Moore, walingoja mpaka 2012. Na wale wabeba fimbo weusi, waliojua kila mteremko wa zile grini? Mwaka 1983 wachezaji waliruhusiwa kuja na watu wao, na wengi wao wakaipoteza ile wiki iliyokuwa na mapato kuliko zote.

Je, hayo yanaifuta adabu niliyoiona? Mwanangu, ambaye amekulia huku na ana hasira ambayo siilaumu, anasema ndiyo, kabisa. Mimi nasema hapana, na nasema kwa uzito. Katika dini yangu, haki ya Mungu na haki ya mja haziendi kwenye daftari moja. Sala za usiku kucha hazilipi deni la jirani. Jirani alipwe chake. Na deni la jirani halizifanyi sala kuwa uongo, linabaki deni. Kutoshangilia kosa la mwenzio ni jema popote lilipotendeka. Kumfungia mwenzio lango ni dhuluma popote ilipotendeka. La kutisha, na hapa babu alikuwa ameona mbali, ni kwamba moyo mmoja unaweza kuyabeba yote mawili na usihisi mgongano. Unaweza kujifunza huruma ndani ya uzio na usiivushe uzio hata siku moja. Kwa hiyo sitamwamini mtu yeyote, Mzungu au Mswahili, Mwislamu au Mkristo, anayeniambia kwamba adabu zake nzuri ni ushahidi wa uadilifu wake. Waarabu na Waswahili wa pwani yetu, waliojua namna ya kumkaribisha mgeni kwa marashi na kahawa, waliwamiliki watu. Siwezi kuihukumu Georgia na kuiacha Mombasa.

Novemba 2020 klabu ilitangaza ufadhili wa masomo kwa jina la mchezaji Lee Elder katika Paine College, chuo cha kihistoria cha watu weusi kilichopo mjini hapa Augusta, na kugharimia timu ya gofu ya wanawake huko. Ni jambo jema. Naliona kama malipo ya sehemu, na sehemu si ndogo kwa msichana atakayesomeshwa, ingawa kwa klabu yenye uwezo ule halikuwa jambo gumu.

Jambo gumu lilikuwa la Elder mwenyewe. Aprili 1975 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza Masters. Alikuja huku ametishiwa kuuawa, akakodi nyumba mbili mjini ili asijulikane analala wapi. Alicheza Alhamisi na Ijumaa, na mapigo yake hayakumtosha kuendelea Jumamosi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Ijumaa ile alipokuwa akipanda kuelekea grini ya 18, wafanyakazi weusi wa klabu, waliokuwa wameacha kazi zao, walisimama kandokando ya njia yake wakimpigia makofi, akashindwa kuzuia machozi. Wale hawakuwa na beji. Karatasi ya watazamaji haikuandikwa kwa ajili yao. Na walimpigia makofi mtu ambaye kwa hesabu ya ubao alikuwa ameshindwa, kwa kuwa wao, kuliko yeyote aliyelipia kuingia, walijua ugumu wa alichokifanya.

Bobby Jones alikuwa amefariki Desemba 1971. Ningetaka sana kujua, kama angekuwapo Ijumaa ile, angepiga makofi kiasi gani.